Hajra, Uliyekataa Kurudi Kabla ya Kazi Kwisha

Mwaka umetimia, Hajra, tangu utuache, na redio ya mama ingali imekufa hapa Nandagala, maana hataki fundi mwingine aiguse baada yako uliyekuwa ukiitengeneza.

Ulikuwa mpole, lakini mbishi wa kupindukia. Ulipokwenda Japani kusoma, mwaka 2001, wazee waliuliza unasomea nini. Ukawaeleza kwamba kuna vitu jamii ya plastiki vinavyopitisha umeme, na baadhi yake ukiviweka kwenye sumaku kali umeme hupita kwa shida zaidi. Ulitaka kujua kwa nini. Baba mdogo Swalehe akauliza kama hayo yatakupatia mume. Ukacheka tu.

Kisha kazi ikakwama. Vipimo vilipanda na kushuka ovyo, hata sumaku ikiwa imezimwa. Msimamizi wako akakushauri utafute utafiti mwepesi. Na huku nyumbani tukakupigia simu kwamba mchumba amepatikana Ruangwa, rudi. Ukasema hurudi na kazi nusu.

Ndipo ukagundua kosa. Kila ulipotaka kushika zile chembe za vitu ulivyokuwa ukivipima, nyembamba kama unywele, ulijipaka vidoleni majivu uliyotoka nayo kwetu, kama tufanyavyo tukibangua korosho ili mafuta ya ganda yasituchome. Ulidhani unazikinga na jasho, kumbe majivu yaliharibu maungio ya nyaya za kupimia.

Mwingine angeficha aibu. Wewe ulimweleza msimamizi, ukanawa, ukaanza upya. Safari hii ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, ulipanda kila sumaku ilipoongezwa nguvu, na ulipoigeuza chembe upande, kipimo nacho kikabadilika. Ukampigia mama: "Sumaku inaupinda umeme njiani, mama, ndiyo maana unapita kwa taabu. Nimeiona sababu. Sasa nakuja."

Ukaja kweli, ukafundisha fizikia Nachingwea kwa moyo mmoja, ukiwalipia nauli watoto wa Kilimarondo bila kumwambia mtu, mpaka figo zilipokushinda.

Msibani minong'ono ikaanza: kaondoka bila mume wala mtoto. Mama akainuka mkekani.

"Mwanangu msimlilie kwa alichokosa," alisema. "Wangapi hapa tumemaliza tulichokianza?"

Tulikulilia upya, safari hii kwa fahari.

Unakumbukwa na baba yako mdogo Swalehe, aliyeomba mwenyewe atajwe wa kwanza. Mama yako Biasha. Kaka zako Huzaifa na Seleman. Na wanafunzi wako wote. Mwenyezi Mungu akurehemu. Maadamu tungali hai, Hajra, hatutakusahau.