Sauti Iliyohamia Nyuma

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi yote natengeneza sauti ya maji. Bado mbaya. Kwenye sinthesaiza, programu ya kompyuta ya kuunda sauti, nimeanza na mvumo mtupu, ule wa redio iliyokosa stesheni. Nikapunguza ukali wake, nikawa naupandisha na kuushusha polepole. Kwenye hedifoni, kushoto na kulia tu, maji yanadanganya vizuri. Kwenye spika tano nilizozipanga kuzunguka chumba, kama mtu anakaanga samaki.

Mchezo wa jukwaani ni wa mafuriko ya mtaa wa Jangwani, kule bondeni. Watazamaji watakaa katikati, sauti iwazunguke. Deo, mwongozaji, anataka waogope. Amesisitiza ngurumo. Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kazi zangu zote kabla ya hii ni matangazo ya sabuni. Nina wasiwasi.

Jumatano, 9 Julai

Mama Neema kapanda. Ndiye mwenye duka la vyombo hapa chini. Nilidhani kaja kulalamikia kelele. Nikamwamkia, akaitikia, akabaki mlangoni. Akauliza ni nini kile anachokisikia.

"Mafuriko, mama. Ya Jangwani."

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hayakuwa hivyo, Nasra. Maji hayakunguruma. Yalipita chini ya mlango kimya kimya. Tulichosikia kwanza ni masufuria yanagongana jikoni."

Miaka minne nafanya kazi juu ya kichwa chake. Sikujua kama aliwahi kuishi kule.

Akakaa. Akanieleza habari za Elia, mdogo wake. Ilikuwa alfajiri, giza bado. Wote walishatoka, Elia akarudi ndani kuchukua cherehani. Mama Neema alikuwa juu ya paa la jirani, anamsikia akimwita. Mwanzo kushoto kwake. Kisha sauti ikahamia nyuma. Kisha mbali. Hakumwona hata mara moja, alimfuata kwa masikio tu. Mpaka ikakatika.

Hakulia. Alishuka kuuza sahani.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetoa ngurumo zote. Masufuria yamekubali: mlio mfupi, mwangwi wa chuma mwishoni, kila mmoja spika yake, hayagongani kwa mpangilio. Maji yapo chini yake, karibu hayasikiki. Inatisha zaidi.

Na kitu kingine. Sauti. Si ya mtu, ni wimbi moja jembamba la sauti nililolitetemesha kama koo. Linaanza spika ya mbele kushoto, linateleza hadi za nyuma, linafifia. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki.

Sikumwambia Mama Neema. Nitamwambia.

Jumatatu, 14 Julai

Deo amekuja. Akataka nirudie mara tatu, nikaongeza sauti. Amesema huo ndio moyo wa mchezo wenyewe. Nilifurahi sana.

Nikamsindikiza chini. Duka la vyombo limefungwa. Saa tano asubuhi, Jumatatu, mtaa umejaa wateja na mikokoteni. Muuza mikoba wa jirani akasema mama ametoka ghafla, kaacha chenji ya mteja mezani.

Sakafu yangu ndiyo dari ya duka lake, mbao tu. Alisikia yote. Mara tatu.

Jumanne, 15 Julai

Amefungua. Nimeshuka.

Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho. Alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. Nikaanza kujieleza. Nikasema sanaa, nikasema watu wakumbuke. Maneno mengi.

"Uliniuliza?"

"Sikuuliza, mama."

"Haya."

Nikamwomba radhi. Akaendelea kufunga vikombe.

Nimepanda, nimelifuta lile wimbi. Nakala pia. Kisha nimempigia Deo. Amekasirika. Anasema nimeutoa mchezo roho siku nne kabla, na kwamba kazi nyingine kwake nisitegemee. Nilikata simu nikiogopa kukosa kazi. Lakini woga ni mdogo kuliko aibu. Aibu ni kwamba nilipokuwa namsikiliza Mama Neema siku ile, nusu yangu ilikuwa tayari inahesabu spika.

Jumamosi, 19 Julai

Onyesho lilianza saa kumi jioni. Masufuria yaligongana. Pale palipokuwa na ile sauti sikuweka kitu, maji tu pande zote. Mwigizaji juu ya paa la mbao anaita jina, hajibiwi. Niliona watu wanageuza shingo, wanatafuta.

Deo alinipa mkono baadaye. Mama Neema hakuja. Sikumtarajia.

Jumatatu, 21 Julai

Mama Neema kapanda baada ya adhuhuri. Duka kamwachia mtu.

"Ile sauti unayo?"

"Nimeifuta, mama."

Nilidhani ndicho alichotaka kusikia.

"Utaweza kuitengeneza tena?"

Nikampa kiti cha katikati. Safari hii niliuliza kila kitu. Nene zaidi, alisema, Elia alikuwa na mafua wiki ile. Si juu hivyo. Shusha, amesimama ndani ya maji. Isivutike, alikuwa anaita kwa mkato. Tulichukua saa nzima, kidole chake kikionyesha hewani, mimi nikisogeza. Mara moja akacheka, akasema hapo umemfanya kama mchungaji wetu.

Ilipofika mahali pake, mbele kushoto, nikaanza kuipeleka nyuma. Akainua mkono.

"Usiisogeze."

Nikaiacha palepale. Akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anasema naye kwa Kichaga, sikuelewa, na haikunihusu.

Baadaye akasema nizime. Nikazima.

Ameshuka. Namsikia anamwambia mteja sahani za bluu zimekwisha, aje Alhamisi.