Nilimwaga Dawa ya Tumbo, Nikamdanganya Daktari

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana aibu yangu siwezi kumwambia mtu, mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nina miaka hamsini na moja, chuma nabeba peke yangu, lakini nimeshindwa na dawa ya maji. Kaka yangu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, daktari akasema ndugu zake tupimwe kwa kamera, na kabla ya kamera lazima unywe lita nne za dawa ya kusafisha tumbo, ina chumvi halafu ina utamu wa ajabu, nikaigugumia nimalize haraka, glasi ya tisa ikarudi na wenzake wote, mke wangu yuko jikoni, nikamwaga iliyobaki kwenye sinki la bafuni nikatoka na jagi tupu, akanipongeza, na daktari naye nikamwambia nimemaliza. Waliingiza kamera wakaitoa. "Mzee, humu hamjasafishika, sioni kitu. Una hakika ulimaliza?" Nikasema ndiyo! Sasa nimepangiwa Alhamisi ijayo, mke wangu anadhani tumbo langu ni sugu, na mimi nawaza kuzima simu nijifungie karakana mpaka siku ipite. Nifanye nini?

*

Fundi, pole. Kutapika si uoga, na dawa ile sijasikia mtu akiisifia. Lakini umenikera. Ungesema ukweli palepale, daktari angekubadilishia mpango. Ulitaka aone nini kupitia uchafu?

Kesho asubuhi, kabla hujawasha mashine, mpigie muuguzi wa kliniki umweleze yote. Muulize kama unaweza kuigawa: nusu jioni, nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Wengi huimudu hivyo. Iweke kwenye friji, inywe kwa mrija, glasi moja kila robo saa, si kugugumia kama mtu anayekimbizwa. Kichefuchefu kikija, pumzika kidogo kisha endelea. Katikati lamba kipande cha limau. Siku ya kuamkia kipimo ni supu iliyochujwa na chai bila maziwa tu, na chochote chekundu kaa nacho mbali, kwenye kamera huonekana kama damu. Jipake mafuta mapema huko unakokujua, utanishukuru. Na mkeo mwambie leo. Akicheka, mwache acheke.

*

Mshauri, ni mimi fundi. Nimeweza! Muuguzi hakunigombeza, alisema, "Afadhali umesema," wakanigawanyia dawa mara mbili na kidonge cha kuzuia kichefuchefu juu yake. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akashika saa mlangoni mwa bafuni, anatangaza kama mtangazaji wa mpira: "Ya saba hiyo! Imebaki moja!" Nikamaliza mpaka tone la mwisho. Daktari akasema, "Leo peupe kabisa," akakuta vinyama viwili, akaviondoa palepale, na majibu yametoka: havijawa saratani. Nyumba nzima tulipiga vigelegele, hata mimi mwenye ndevu.

Siku ya kuchukua majibu nilimkuta mama mmoja kwenye benchi, amepewa pakiti zake za dawa ileile, machozi yanamlenga. Nikakaa karibu nikamweleza kila kitu, mrija, limau, friji, mafuta. Akanitazama ovaroli yangu, akauliza, "Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana, dada," nikamwambia. "Mimi nimefaulu."