Nilizitupa Sindano za Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, maana hapa ninapokuandikia ni Jumatano saa sita mchana, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nakaa Bwaise na mama yetu na mdogo wangu Abdul-Latif, ambaye huu ni mwaka wa sita anajidunga unga, na nisikufiche, mtaa mzima unajua.

Mwaka jana alikuja mama mmoja Mkenya anaitwa Akoth, naye zamani alikuwa akijidunga, sasa anafanya kazi kwenye kituo kinachowasaidia watu kama Latif wasipate virusi vya ukimwi, akawa anamletea kila wiki sindano mpya, anazichukua zilizotumika, anampeleka kupima, hata vidonda vya mkononi walimtibu vikafunga, hayo yote niliyaona lakini moyo wangu haukukubali, nikamwambia Akoth pale pale barazani mbele ya majirani, "Wewe unamlisha sumu kwa kijiko safi," naye akanijibu polepole, "Dada, mimi nataka awe hai siku atakayoamua kuacha."

Basi Jumatatu jioni wanawake walikuwa wanakuja kumsomea mama dua kwa sababu ya presha yake, nikaingia kufagia chumba cha Latif, nikaikuta pakiti ya sindano chini ya godoro, aibu ikanipanda mpaka kichwani, nikazitupa zote chooni, nikanawa mikono, nikaenda kupika chai.

Jumanne asubuhi mwili ukamdai, anatoka jasho, anatapika, anapekua godoro, "Dada, sindano zangu umeziona?" nikasema sijaziona, akasema, "Basi Akoth kazichukua kwa sababu ulimtukana," nami, mshauri, nikamwacha aamini hivyo, akatoka, na jioni ndipo akaniambia kwamba saa tatu asubuhi ile alitumia sindano ya rafiki yake Kamis, ambaye hajawahi kupima hata siku moja. "Mwaka mzima sijatumia sindano ya mtu, Dada. Leo nimetumia." Akageukia ukuta, na kituoni hataki kwenda.

Alipima mwezi uliopita akakutwa hana virusi, kadi alinionyesha mwenyewe anacheka. Sasa nikimwambia ni mimi atahama nyumbani, mama atajua, na nisipomwambia naona kama nimemuua kwa mkono wangu. Nifanye nini?

Safinah, Bwaise


Safinah,

Barua yako iliingia kwenye simu yangu saa sita na robo, nami sikusubiri gazeti, nikakupigia. Wanaoisoma leo Jumapili, kwa ruhusa yako na kwa majina tuliyoyabadilisha, wajue nilichokuambia, kwani huenda kuna mwingine ana godoro la kupekua.

Nilikuambia usimame. Zipo dawa za kuzuia virusi visishike mwilini baada ya hatari kama ile, ila lazima zianze ndani ya saa sabini na mbili, na mapema ni bora zaidi. Humezwa kila siku, siku ishirini na nane. Ninyi mlikuwa mmeshapoteza saa ishirini na saba.

Nikakuambia umpigie Akoth. Ukasema, "Nilimtukana." Nikakujibu kwamba aliyepita alikopita Akoth hazuiwi na tusi lako.

Sasa nikukaripie. Ulizitupa sindano kwa ajili ya wageni wa dua, si kwa ajili ya Latif. Unga ulibaki pale pale. Mtu aliyebanwa na unga akikosa sindano haachi, anaazima. Kijana alijilinda mwaka mzima, ukamvua ile kinga, kisha ukamwachia mwanamke wa watu lawama yako. Hilo la pili ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu bila Akoth asingekuwa na pa kukimbilia.

Lakini ulisimama. Akoth alifika kwa bodaboda, ukasema ukweli mbele yake. Latif akakuita jina ambalo gazeti hili halichapishi. Akoth akamwambia, "Utamtukana njiani, vaa viatu." Saa tisa alasiri alikuwa amepimwa, hana virusi mpaka siku hiyo, na kidonge cha kwanza kimeshuka. Alhamisi Akoth alimpeleka Kamis naye. Majibu ya Kamis ni yake mwenyewe.

Hofu haijaisha, wala sitakudanganya. Atapima tena wiki ya sita, na tena mwezi wa tatu. Akitapika baada ya kumeza, usikisie, pigia kituo. Pakiti ya sindano ikae mahali anapopajua yeye, na mkono wako usiiguse. Siku akiuliza mwenyewe kuhusu methadoni, ile dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, mrudishe kwa Akoth siku hiyo hiyo. Mama yenu aambiwe na Latif, akitaka. Akoth umwombe radhi mbele ya wale wale waliokusikia ukimtukana.

Ijumaa uliniandikia kwamba Latif hasemi nawe, ila saa tisa ilipofika alitoka chumbani akanyoosha mkono. Mpe kidonge, mpe maji, na hotuba uimeze wewe.

Celestine, mshauri wako