Sauti ya Mama mu kaseti

Bénédicte, kaka yangu Élie amefuta sauti ya Mama. Amefuta!

Ile kaseti ya korali ya Kibabi, mwenye Mama aliimba, njo alikuwa anahamisha mu CD. Mbele afe, Mama mwenyewe alivunja kale kameno ka kaseti kusudi muntu asirekodi juu yake. Bouton nyekundu ya kurekodi ya radio ikakatala. Élie, na akili zake, akaziba katundu na karatasi, akafinya tena!

Eti "Ao CD itarekodi namna gani?" Akafinya nyekundu, Bénédicte! Ya radio!

Papa amevaa koti ya misa, ameita majirani waje kusikiliza. CD inaanza: shiiii, na kuku zetu zinalia.

Papa akauliza polepole: "Sauti ya mama yenu iko wapi?"

Mu CD, sauti ya Élie ya siku ile ikamujibu: "Mutulie, iko naingia."