Bunduki Uliyomwachia Mzee Masanja

Shikamoo Baba,

Marahaba yako siitegemei, lakini kuanza kukuandikia bila kukuamkia mkono umekataa. Leo ni Jumamosi. Nimekaa barazani kwako hapa Keza, madaftari ya darasa la tano nimeyasukuma pembeni, na Mama yuko shambani anagombana na migomba kama kawaida yake. Ni mzima. Miguu inamsumbua asubuhi, ikifika saa nne amekwisha kuisahau.

Nina neno na wewe. Nimelibeba tangu juzi na sina wa kumtupia ila wewe mwenyewe. Ile bunduki yako imetoka hadharani, Baba, na aliyesimama kizimbani kwa ajili yake ni Mzee Masanja. Ndiyo, Masanja wako wa Nemba, mliyevuka naye Mto Kagera mkiwa vijana mkaenda vitani, mkarudi wote wawili, ukamfanya ndugu kuliko ndugu zako wa tumbo moja. Juzi ndiyo amehukumiwa. Tulia nikueleze kwa utaratibu, maana ulipokuwa hai hukuwahi kuniacha nimalize hadithi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinichukua kwenda Nemba kila likizo ya mwezi wa sita? Tukishuka kwenye gari tunatembea kwa miguu, na wewe mkononi una chupa ya samli umeikumbatia kama mtoto mchanga. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Kumpelekea samli Msukuma mwenye ng'ombe! Si sawa na kumpelekea Mhaya ndizi? Na mke wa Masanja, Mungu amrehemu naye, alikuwa akikusuta mbele ya watu: "Shemeji, hiyo samli yako mbona haijawahi kufika jikoni kwangu?" Mlikuwa mnacheka ninyi wawili huku mnatazama pembeni.

Mwaka nilipokuwa darasa la saba niliwafuata nyuma ya zizi. Mmekaa kwenye mkeka, bunduki imefunguliwa vipande vipande, mnaipaka samli kwa kitambaa. Hukunifokea. Ulisema tu, "Yusta, hujaona kitu." Nikawa mtoto mtiifu tangu siku ile.

Mengine nilikuja kuyajumlisha mwenyewe. Kwamba ulirudi nayo kutoka vitani badala ya kuirudisha jeshini, ukailaza chini ya kitanda hapa Keza mpaka miaka ile wakimbizi walipojaa Kasulo, askari wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kusaka silaha. Ukaogopa. Ukampelekea Masanja akutunzie "kwa muda". Muda gani huo, Baba? Nimemaliza shule, nimeajiriwa, nimeolewa, nimeota mvi, bado ni kwa muda tu.

Basi ulipotutoka, hazikupita wiki nyingi redio ikaanza kutangaza kwamba mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kwa hiari, hatashtakiwa, na muda ni miezi miwili. Masanja alisikia. Anasema alisikia asubuhi, mchana na jioni. Lakini unamjua huyo mzee. Kwenu ninyi wazee kitu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe na mrithi aketi. Hata jembe lako halikutoka ndani. Akaona bunduki si yake, ni ya mwenzake, na mwenye haki ya kuipeleka serikalini ni mrithi wa mwenzake. Akasubiri. Na sisi huku tunamsubiri mrithi wako Deo apate ruhusa kazini kwake Kahama, ruhusa ikapigwa danadana, na tulipoanua matanga muda wa msamaha ulikuwa umekwisha wiki mbili nyuma.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, ungefurahi. Wazee wakamkalisha Deo kwenye kigoda chako, wakamshikisha mkuki. Aliushika kama fagio, mtoto wako wa kiume mwenye ndevu zake! Pombe ya rubisi ya kutosha, watu uwanja mzima, mtendaji wa kata kaketi mbele na sahani yake ya ndizi na nyama. Ndipo Masanja akasimama na furushi. Alikuwa amekuja na bodaboda toka Nemba, bunduki kaifunga katikati ya mipini ya majembe, na pale kwenye kizuizi askari alimwamkia shikamoo akamwachia apite. Akafungua furushi mbele ya watu wote, akailaza miguuni kwa Deo, akasema kwa sauti ya gwaride na lafudhi yake ileile ya Kisukuma:

"Mlithi hapewi nusu. Hii ni ya baba yako. Kesho tuiludishe selikalini, mimi na wewe."

Mtendaji aliweka sahani chini polepole. Nilimwona usoni, alikuwa anatamani asingealikwa. "Mzee wangu, umeniweka pabaya," alisema, akatoka kwenda kupiga simu. Simlaumu. Angefanyaje, ameiona kwa macho yake na watu wamemwona akiiona.

Polisi walipofika walitaka kujua ni nani katika nyumba hii aliyekuwa anajua. Wakamgeukia Mama. Masanja hakuwaacha wamalize swali. "Mwacheni mama wa watu. Hii ni yangu mimi. Nililopoka kwa ulevi." Ulevi, Baba! Masanja, ambaye hajawahi kuonja rubisi, tuliyekuwa tunamtengea chai yeye peke yake kila sherehe. Na uwanja mzima uliosikia maneno yake ya kwanza, ulipoulizwa, hakuna aliyesikia kitu.

Akakaa mahabusu miezi mitano. Kila tukienda tunaambiwa upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa. Nilikuwa nampelekea uji na sabuni. Kila mara ananiuliza swali moja, Mama anakula vizuri? Hakuwahi kukulaumu hata siku moja. Mimi nilikulaumu kwa niaba yake, njia nzima kurudi nyumbani.

Upelelezi ulipokamilika tulikaa kikao cha ukoo. Baba mdogo alisema marehemu hafungwi lakini mjane anafungwa, kwa hiyo tumwache mzee kama alivyoamua mwenyewe. Deo aliitikia kwa kichwa. Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Na mimi, Baba, niliyeiona ile bunduki kwenye mkeka kwa macho yangu mawili, nilifikiria ajira yangu, nikafikiria watakavyosema shuleni, nikasema Baba mdogo ana hoja. Nimeliandika hilo kwa sababu sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe, mahakamani Ngara mjini. Kabla ya Masanja alihukumiwa mzee mwingine, mpiganaji wa vita ileile, naye alirudi na bunduki akaificha. Ila yeye alikuwa akiwaazimisha vijana wanaosimamisha magari porini kwenye njia ya Biharamulo. Akapewa miaka kumi na mitano. Alipotolewa, ndala moja ilimvuka mguuni, akashindwa kuinama kuichukua kwa sababu ya pingu. Masanja alimtazama mpaka mlango ukafungwa. Mimi nikasema huyu wetu naye ndiyo basi.

Masanja alikiri kosa. Wakili wa serikali alisema askari aliyefundishwa silaha anajua kuliko raia ubaya wa kuiacha nje ya ghala, kwa hiyo uaskari wake usimpunguzie adhabu bali umwongezee. Nisikufiche, nilimwona ana akili. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akamuuliza Masanja kama ana la kusema kabla hajahukumiwa. "Sina, mheshimiwa. Mimi ni askali, nimekosa." Basi. Mtu aliyekuwa anaweza kuongea kutwa nzima juu ya dume lake la ng'ombe!

Ndipo Mama akasimama. Amevaa kile kitenge chake cha kanisani, mkoba kwapani. Askari akamwambia aketi, hakuketi. Unajua Kiswahili chake kinaishia sokoni, kwa hiyo alisema Kihangaza, na karani akawa anatafsiri huku jasho linamtoka. Alianza kwa kusema, "Huyu mzee anaidanganya mahakama." Hakimu akaweka kalamu chini.

Akasema bunduki ni ya mume wake. Akasema ulirudi vitani ukiwa hulali. Ulikuwa unaketi umeegemeza mgongo ukutani mpaka kunapambazuka, na usingizi ulikuja tu pale unapojua ile bunduki iko wapi. Ilipohamia Nemba ilikuwa lazima ukaione kila mwaka, usipokwenda unaanza tena kuketi. Samli alikuwa anaichemsha yeye. Matanga tulichelewesha sisi, si Masanja. "Kama kuna mtu wa nyumba yetu wa kufungwa," alisema, "mimi huyu hapa, nimekuja na sweta langu." Na kweli lilikuwa mkobani, Baba. Alikuwa amelifungasha asubuhi bila kutuambia.

Sikujua kwamba ulikuwa hulali. Miaka yote nilidhani wewe ni mtu wa kuamka mapema tu, mtu wa bidii. Nilikuwa nakusifia kwa wanafunzi wangu. Laiti ungeniambia, hata kwa mzaha. Ningekaa na wewe.

Hakimu alituacha tukingoja kama nusu saa. Aliporudi alisema kupigana vita ni heshima lakini heshima si kibali cha silaha, na kwamba mila ya matanga haisimamishi sheria ya nchi. Nikafumba macho. Halafu akasema silaha hii haikuwahi kumdhuru mtu, haina risasi hata moja, na aliyeitunza aliileta mwenyewe mchana mbele ya kiongozi wa serikali akitaka irudi. Na miezi mitano amekwisha kukaa ndani. Akampa kifungo cha nje mwaka mmoja, awe anaripoti kila mwezi na asitende kosa jingine. Bunduki itaifishwe na kuteketezwa. Kuhusu Mama akasema, "Mama aketi. Mbele yangu hakuna shtaka dhidi yake." Wakili wa serikali aliinamia karatasi zake. Mpaka leo hakuna aliyekuja kutugongea, ingawa kila pikipiki ikipita Mama anachungulia.

Masanja alikataa kwenda kwao kabla hajapita kwako. Alisimama kaburini akakusema Kisukuma kwa muda mrefu, na kwa jinsi alivyokuwa anarusha mikono nadhani hayakuwa maneno ya kanisani. Alipomaliza akafuta macho, akauliza kama kuna maziwa ya mgando. Alikunywa vibuyu viwili. Mama alimtazama akinywa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemwona akitabasamu tangu uondoke.

Kwa hiyo bunduki yako iko polisi, imefungwa kikaratasi chenye namba ya kesi. Niliiona mezani mahakamani, ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Nakwambia ili ujue ilipo, usije ukahangaika huko uliko. Hakuna haja ya kuketi tena. Jinyooshe, Baba yangu, upumzike.

Limebaki moja. Mama alipomaliza kusema, hakimu aliuliza kama kuna mtu mwingine humu ndani anayelijua jambo hili. Karani akalitafsiri swali kwa Kihangaza, ingawa mimi nilikuwa nimelisikia vizuri kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeketi pembeni ya Mama, kiti kwa kiti. Nikatazama viatu vyangu. Mama hakunigusa wala hakunigeukia. Heri angenipiga kofi.

Nakupenda, na nimekukasirikia, na vyote viwili vinakaa pamoja bila kugombana. Ulimpa rafiki yako mzigo ukamwachia, na sisi watoto wako tukaona ni sawa aendelee kuubeba. Jumatatu ijayo Masanja anaripoti kwa mara ya kwanza. Nimekwisha kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, na sikumdanganya sababu. Nakuahidi kila mwezi mpaka mwaka uishe nitakwenda naye, nikae naye kwenye benchi, na askari akiniuliza nimekuja kama nani, nitamwambia mimi ni mtoto wa mwenye bunduki.

Mwanao,
Yusta