Misumari Inachungulia Sebuleni

Jumatatu, 1 Julai 1957

Misumari imetoka tena! Leo kumi na mmoja. Kila mmoja umesukuma kipande cha chokaa mbele yake, unachungulia sebuleni kama panya. Ukuta wenyewe ni wa bodi za jasi – unga kama chokaa uliobanwa katikati ya karatasi mbili – na hauna hata miezi minne. Mume wangu Isakwisa anasema ni watoto wa jirani na mpira wao. Mpira gani unagonga ukuta wa ndani? Akachukua nyundo, akairudisha yote, akajipongeza. Isakwisa ni karani mzuri sana.

Alhamisi, 4 Julai

Kumi na minne. Na pale alipogonga, bodi imepasuka.

Mkaguzi wa nyumba za ofisi anakuja tarehe 15. Severina wa namba sita alikutwa na kioo kilichovunjika tu, wakahamishiwa zile nyumba za mstari. Chumba kimoja! Sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Tukihamia huko Mzee hatakanyaga kwetu mpaka kufa, na Isakwisa ni mwanawe wa pekee. Tangu jana hali chakula.

Jina la Mzee silitaji. Hata hapa siliandiki. Mchungaji anasema mambo hayo tuyaache. Akamwambie Mzee, si mimi.

Jumanne, 9 Julai

Nimejua!

Upande wa chumbani hawakupiga bodi, nguzo za mbao ziko uchi. Leo nafagia, nikaona mwanya kati ya nguzo na bodi. Nikazunguka sebuleni, nikaisukuma bodi kwa kiganja – ikaingia, ikarudi. Kumbe msumari haujaenda popote! Nguzo ndiyo imesinyaa. Mbao zilipigwa mbichi, wakati wa masika, zinatoka maji. Niliwaona mafundi wakijifuta mikono. Sasa ni Julai, baridi kavu, na jiko la mkaa la kuota moto liko ndani kutwa. Zimekauka.

Nikamweleza Isakwisa. Akasema ameshamwandikia baba yake, aliyekuwa seremala misheni. Atafika Jumamosi. Na yeye Isakwisa? Ijumaa anakwenda Ubaruku kupima mpunga, mpaka Jumatano! Nikamwuliza nani atabaki na Mzee, maana mlango wa chumbani unafungukia sebuleni. Akajikuna kichwa. Nina hasira ya kuweza kutafuna misumari yote kumi na minne.

Jumamosi, 13 Julai

Nimetoka dirishani mara tano. Mimi, mwenye cheti cha darasa la nane!

Mzee yuko sebuleni, mimi chumbani. Ndizi napika jikoni nje, jirani yangu Lusia anampelekea. Lusia ni Mhehe wa Iringa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Ninyi Wanyakyusa! Mimi mkwe namsalimu kamwene, basi, naendelea na kazi yangu."

Mara nikamsikia Mzee anasema misumari ni mifupi, ataigongomea upya kwa nguvu. Mama yangu! Nikamnong'oneza Lusia dirishani. Akaingia na chai, akasema msumari hautoki, Mzee, nguzo ndiyo imerudi nyuma.

Mzee akauliza: Nani kakwambia?

"Ukuta," akasema Lusia.

Nikasikia bodi inasukumwa. Halafu Mzee akauambia ukuta – si mimi, ukuta – kwamba haoni nguzo ilipo, asingependa kutoboa ovyo. Nikagonga nguzo. Akang'oa msumari wa zamani, akaibana bodi, akapiga mpya juu kidogo na mwingine chini. Nguzo ikawa inacheza, nikaiegemea kwa mgongo. Tukaelewana bila kupatana: nikigonga mara moja, bodi imegusa, sawa. Mbili, bado. Alikosea mara moja tu, na mimi mara moja.

Jioni akajaza jasi mashimo yote. Analala Ilomba kwa mzee mwenzake wa kanisa. Alipokuwa anatoka akakohoa, akauambia ukuta ahsante. Mgongo wote unauma. Nimefurahi kama mjinga.

Jumapili, 14 Julai

Mzee wa kanisa hafanyi kazi Jumapili. Jasi haijabatizwa, inakauka tu.

Jumatatu, 15 Julai

Mzee kaja alfajiri, kapiga msasa, akaanza kupaka rangi. Na mkaguzi kaja mapema! Saa mbili! Brashi ya Mzee bado inachuruzika. Naandika hapa kitandani ili nisipige kelele.

Mkaguzi anapapasa ukuta. Anasema nyumba zote nane za hapa zina ugonjwa huu, mafundi wake wanagongomea kila mwezi na misumari inarudi. Nani kajua dawa?

Mzee anasema fundi yumo chumbani.

Fundi gani?

Mzee anasema sura yake haijui. Kazi yake anaijua.

Mkaguzi anacheka. Anataka kumwona huyo fundi kabla hajaandika neno kwenye karatasi yake. Lusia yuko dirishani, ananivuta mkono, anasema ruka! Mguu mmoja uko nje tayari.

Kiti kinaburutwa. Mzee anakigeuza – nasikia sauti yake sasa inaelekea barabarani, mlango wangu kaupa mgongo.

Anagonga ukuta. Mara moja.

Nasubiri ya pili. Haiji.