Kushuka Kinyumenyume

Jumatatu, 3 Novemba

Kama kila asubuhi. Breki kwanza, mimi baadaye. Nimefunga ya kulia, nimefunga ya kushoto, nimekitikisa kiti changu cha magurudumu, kimetulia. Ndipo nikajisogeza kutoka kitandani. Makalio yanatangulia, miguu naivuta mwishoni kama mizigo ya mtu mwingine.

Nimebonyeza matairi kwa kidole gumba. La kushoto limelegea tena. Mpira wake wa ndani umejaa viraka, na mpya haupatikani mjini tangu mipaka ifungwe. Kaka yangu Saidi yuko Kigoma na boti anayofanyia kazi, amesema ataleta. Saidi husema mengi.

Nimepiga pampu mpaka jasho. Breki ya kiti hiki hubana tairi. Tairi likilegea, breki inabana hewa. Nimemweleza wifi Halima, mke wa Saidi, hata nimechoka kueleza. Yeye ndiye anayenisukuma tangu kreti la bandarini liliponivunja mgongo. Husikiliza huku anachambua maharage.

Jana milio ya bunduki upande wa milimani. Mbali bado. Naogopa.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Barabara yetu ni mteremko wa udongo mtupu mpaka kwenye lami, na mfereji mkubwa ubavuni. Nyumba yangu ni karibu ya mwisho hapa Gasenyi. Juu yetu nyumba chache, mashamba, kisha milima. Nilipojenga niliisifu hewa. Huu ni mwaka wa nne wa vita na hewa hiyo hiyo ndiyo inayoniletea milio.

Nimewaza jambo moja siku nzima. Wakishuka watu wenye bunduki, majirani watakimbia. Mimi je? Peke yangu mteremko ule siuwezi. Breki ni ya kukishikilia kiti kilichosimama, si ya kusimamisha kinachokwenda. Lazima Halima awepo. Na lazima ashuke kinyumenyume: yeye akiwa upande wa chini, kiti kikimwegemea, mimi nikitazama juu tulikotoka. Ndivyo nilivyofundishwa kule kituoni nilikopewa kiti. Ukimshusha mtu uso mbele, kokoto moja inatosha kummwaga.

Nimemwambia tujaribu kesho.

Alhamisi, 6 Novemba

Amekataa. Kwao kuna mwiko: mwenye mama hai hatembei kinyumenyume, ni kumwitia mama kifo. Na mama yake yuko Buyenzi, mtaa wa kule chini mjini, kifua kinamsumbua miezi sasa.

"Wifi, mi kila kitu ntakufanyia. Iyo apana. Mama iko mugonjwa, we unataka nimuzike?"

Nilicheka. Nikamwambia mama anaumwa na moshi wa makaa, si na visigino vya mtoto wake. Yeye hakucheka. Alipika vizuri kuliko siku zote, akaninyamazia mpaka magharibi. Halima akinyamaza, nyumba haikaliki.

Basi maisha yangu yamekwama kwenye mwiko wa watu wa Buyenzi. Nina hasira. Hasira ni nafuu kuliko woga, lakini haidumu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeanguka.

Tulikuwa tunakwenda kununua chumvi na mafuta ya taa. Alinishusha uso mbele, polepole, amekaza mikono. Gurudumu dogo la mbele likakwama, kiti kikasimama, mimi nikaendelea. Viganja, kidevu. Goti lilikuwa linavuja damu nami sina habari nalo, Halima ndiye aliyeliona. Watu waliokuwa wanapita walinibeba na kunirudisha kitini. Mmoja alisema pole sana mgonjwa. Mimi si mgonjwa.

Halima alilia kuliko mimi. Nikamwambia mama yake atapona, atakayemzika ni mimi. Nilisema mbele ya watu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimelaza kiti ubavu uani. Wembe, mswaki mkuukuu, kitambaa. Kwenye ekseli ya gurudumu dogo nimetoa nywele zangu, nyuzi za kitenge cha Halima, na uchafu nisioujua. Ndizo zilizolikwamisha. Kwa hiyo kosa la jana nusu ni langu, maana kukagua ni kazi yangu. Sijamwambia. Nitamwambia.

Ameniletea mawese nipake. Nimekataa, mawese hushika vumbi, kesho gurudumu ni ugali. Nimetia tone la mafuta ya cherehani. Nimekaza skrubu zote. Muda wote alichuchumaa karibu, amezishika kiganjani zile nilizofungua, hakupoteza hata moja.

Mteremko hatukuutaja.

Jumanne, 11 Novemba

Watu wa nyumba za juu wanahama. Magodoro kichwani, mbuzi, redio. Hawasemi wameona nini. Mtu akiogopa sana haongei, hilo nimeligundua.

Habari imefika kutoka Buyenzi, mama amezidiwa. Halima akasimama mlangoni na kanga yake. Nikamwambia nenda. Moyoni nilisema usiende. Nilitamani askari wa kizuizi cha barabarani wamrudishe. Mwanamke anakwenda kumwona mama yake mgonjwa, na mimi natamani arudishwe. Woga umenifanya mtu mbaya.

Kabla ya kuondoka alijaza madumu, akaweka chakula pale mkono wangu unapofika. Akasogeza kiti kando ya kitanda, akafunga breki ya kulia, ya kushoto, akakitikisa. Hakuwahi kukitikisa. Kumbe alikuwa anasikia.

"Kesho niko hapa," alisema.

Jumatano, 12 Novemba

Hajarudi.

Milio mchana kweupe. Karibu. Tairi la kushoto linatoa upepo, nimelijaza asubuhi, nimelijaza tena. Nimejiinua kwa mikono mara kwa mara nisije nikatoka vidonda vya makalio. Nimecheka kidogo: mtu anangoja kuuawa na bado anayatunza makalio yake.

Nimejisukuma mpaka langoni, nikautazama mteremko. Matope. Nikarudi.

Naogopa kufa. Zaidi naogopa kusikia nyayo za watu wote zikipita, kisha kimya, na mimi ndani.

Naandika ili mkono uwe na kazi.

Ijumaa, 14 Novemba. Buyenzi

Jana sikuweza kuandika.

Ilianza asubuhi, sijamaliza chai. Milio juu kabisa ya barabara, kisha kelele, kisha nyayo. Walipita langoni kwangu wengi. Nilizijua baadhi ya sauti. Hakuna aliyeita. Siwalaumu. Nawalaumu.

Nilishika pampu. Sikujua la kufanya jingine, nikajaza lile tairi mpaka likawa gumu kama jiwe.

Lango likasukumwa. Halima. Amelowa, ana kandambili mguu mmoja. Wote walikuwa wanashuka, yeye peke yake alikuwa anapanda.

Hakusalimia. Alivua kitenge cha juu akanifunga nacho kiunoni, mimi na kiti. Tulipofika pale mteremko unapoanza, akasimama. Nilijua anafikiri nini. Ningeweza kumwambia geuza. Sikumwambia. Baada ya kucheka kwangu, haikuwa haki yangu tena.

Akageuza kiti.

"Mikono kwa magurudumu, wifi. Nikisema funga, unafunga."

Akaanza kushuka kinyumenyume.

Kuna jambo ambalo katika mipango yangu yote sikuwa nimelifikiria. Ukishuka hivyo, unatazama ulikotoka. Watu wote walikimbia wameipa milio mgongo. Mimi nilikimbia nimeikodolea macho. Niliona moshi juu ya paa. Niliona watu wanatoka kati ya nyumba, bunduki mkononi, bila haraka. Mmoja alisimama katikati ya barabara akatutazama. Nilimwona uso. Halima alikuwa amegeuza shingo, anatafuta njia chini. Sikumwambia. Nilifikiri, akijua atakimbia, na akikimbia tumekwisha. Nikasema, taratibu, wifi, taratibu. Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa. Nilikuwa nimejikojolea.

Yule mtu akaingia kwenye nyumba. Yangu au ya jirani, sijui.

Katikati ya mteremko Halima aliteleza. Uzito wangu wote ukamwangukia kifuani. "Funga." Nikafunga. Breki zikashika, zote mbili. Tulisimama pale kwenye matope, tumeegemeana, anahema sikioni mwangu, anasema bismillahi, bismillahi, mpaka mguu wake ulipopata pa kukanyaga. Nikafungua. Tukaendelea.

Kwenye lami lori la mchanga lilitupakia. Halima alikaa juu ya mchanga, ameshika gurudumu, ananitazama miguu. Mguu wake mtupu ulikuwa umechanika. Karibu na soko alisema neno moja tu.

"Usimwambie mama."

Jumatatu, 17 Novemba

Mama yupo. Amekonda, lakini macho yake bado ya kuamrisha. Siku ile tuliyofika aliniuliza: "Mulishukaje na iyo kiti, mu matope ya vile?" Halima akainamia sufuria.

"Kidogo kidogo, mama," nikasema.

Akaridhika. Ni kweli pia.

Nyumba haijulikani iko vipi. Kutoka kwa Saidi, kimya. Huku Buyenzi njia ni tambarare, najisukuma mwenyewe mpaka msikitini na kurudi. Milio huku haifiki sana. Lakini silali. Nalala upande wa pili wa pazia la mama, na yeye anakohoa. Akikohoa, natulia. Akinyamaza, nafumbua macho na kusubiri akohoe tena. Mimi niliyecheka. Siamini mwiko ule, namwambia Mungu kabisa kwamba siuamini, kisha nasikiliza. Mkekani Halima naye yuko macho. Tunasikilizana tukisikiliza.

Asubuhi breki ya kulia, ya kushoto, nimekitikisa. Kisha nimekilaza ubavu mlangoni penye mwanga. Magurudumu madogo yalikuwa yamejaa udongo wa Gasenyi, umekauka. Nimeukwangua kwa kisu. Halima alichuchumaa kando, skrubu kiganjani. Nikamwambia kwamba siku ile niliyoanguka, ni nywele zangu zilizokwama, na nyuzi, na kukagua ilikuwa kazi yangu. Akasema alijua, aliziona nikizitoa.

Ndani, kikohozi kilikuwa kimenyamaza. Kimenyamaza muda. Tukaacha kazi sote wawili.

Kisha mama akaita. Uji gani huu hauna sukari, nyumba hii imekuwa hospitali?

Halima alizimimina skrubu mkononi mwangu, akanikunja vidole juu yake. Sukari ni haba mjini siku hizi. Amevaa kandambili za mama yake, ametoka kuitafuta.